Kapteni Mabati na Mguu Wangu wa Kushoto

Ninyi mliolazwa hospitalini mkihesabu mbao za dari, na ninyi mnaowapelekea uji, haya nayaandika kwa ajili yenu. Nilivunjika, nikaoza kidogo, nikapona.

Miaka ile baada ya Uhuru nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la mahindi na saruji kati ya Malaba na Busia. Nilikuwa na nguvu za punda, na akili zake pia. Tanboi wa kweli hashuki kwenye lori, anaruka. Lori likikaribia kusimama, yeye tayari yuko chini na kigingi cha gurudumu mkononi, na wasichana wa sokoni wameshamwona. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yetu.

Kila Jumamosi jioni dereva wangu, Ojiambo, hakukubali kupakia mzigo wowote. Tulikwenda kwa Mzee Hemedi, muuza matairi wa Busia, mwenye televisheni pekee tuliyoijua. Aliiwasha kwa jenereta, ikanasa picha za upande wa Uganda, nasi tukamtazama Mzungu mmoja aliyezurura kwenye nyota kwa chombo kinachofanana na pipa la dizeli. Jina lake lilitushinda. Kwa vile nguo zake ziling'aa, tulimwita Kapteni Mabati.

Nilimpenda yule mtu, nasema bila aibu. Hakupiga risasi ovyo. Majitu ya macho matatu yakimzingira, yeye aliketi kwanza, akafikiri. Na kabla ya kurusha chombo aliwahesabu watu wake mmoja mmoja. Akikosekana hata mpishi, hakuna kuondoka.

"Huyo ndio dereva," Ojiambo alikuwa akisema. "Wengine wanaacha tanboi Bungoma akinunua ndizi."

Aliyeniacha Bungoma alikuwa yeye.

Antena ilikuwa juu ya paa, na upepo ukiigeuza, picha ilijaa chenga. Kwa kuwa nilizoea kupanda juu ya mzigo, kazi ya kuishika ilikuwa yangu. Jumamosi moja Kapteni Mabati alikuwa amebanwa mguu na jiwe kubwa, mbali na wenzake, na hewa inamwishia. Huko chini watu walipiga kelele, "Hapo hapo! Usiguse tena!" Wao wanamwona Kapteni, mimi naona kuku wa jirani. Uvumilivu ukaniisha. Nikaifunga antena kwa kipande cha tyubu, kisha nikashuka kama nilivyozoea kushuka. Niliruka.

Paa la Mzee Hemedi si lori, na chini yake kulikuwa na rundo la rimu kuukuu za magurudumu. Paja lililia kama muwa unaovunjwa. Nilipotazama, goti langu lilikuwa limeelekea Uganda na mimi nimeelekea Kenya. Nikatapika, nikazirai.

Daktari wa hospitali ya misheni hakunificha. "Mfupa umetoboa nyama. Ukitulia, huenda ukapona. Usipotulia, nitaukata mguu."

Tanboi wa mguu mmoja ni nani? Wakaning'iniza mguu kwa kamba na mfuko wa mchanga, nikalala chali wiki baada ya wiki. Homa ilinichemsha. Kidonda kilitoa usaha wenye harufu ambayo hata mimi mwenyewe iliniziba pua. Haja zote, mbele ya watu. Nililia usiku, na mchana nikajifanya ni mafua.

Mama alikuja kutoka Chakol. Alipoona ile kamba alishika kichwa. "Mwanangu, wanakuanika kama nyama? Angurai kuna fundi wa mifupa. Atakukanda, utatembea upesi." Na mimi nilichoka. Nikamwambia alete watu wa kunibeba kesho.

Jioni hiyo akaja Ojiambo. "Etyang, wacha haraka. Kapteni Mabati alitoka."

"Alitokaje?"

"Alilala tu pale, akapumua pole pole. Baridi ikaingia kwa jiwe, likapasuka lenyewe."

Nikamwambia mama tungoje kidogo. Alinuna, lakini akabaki na uji wake wa wimbi. Juma lililofuata alikuja fundi wa pancha wa pale kwa Mzee Hemedi, akaapa kwamba jiwe lililiwa na mchwa wa sayari ile. Mzee Hemedi naye alisema Kapteni alisubiri, akamwomba Mungu.

"Mzungu wa nyota aliomba?" nikauliza.

"Kwani huko juu Mungu hayuko?"

Hadithi tatu, lakini katika zote Kapteni hakutikisika. Basi na mimi sikutikisika. Nikawa nawasimulia wodi nzima, hadi mzee wa kitanda cha pili akauliza Kapteni anakula nini. Nikamwambia vidonge. "Bila ugali? Basi huyo ni mgonjwa kama sisi."

Kidonda kikakauka. Siku moja daktari aligonga paja, akasema, "Simama." Nilisimama, nikalia mbele ya kila mtu, na safari hii sikusingizia mafua.

Nilipofika kwa Mzee Hemedi na magongo yangu, niliwakusanya wote watatu. "Sasa semeni ukweli. Alitokaje?"

Fundi wa pancha alianza kusugua tyubu iliyokwisha kuzibwa. Mzee Hemedi ndiye aliyejibu. "Hatujui, kijana. Tulisikia kishindo, tukatoka wote. Picha ilikuwa safi kuliko siku zote, na viti ndivyo vilivyoitazama."

Nawashukuru hadi leo, wao, daktari, na mama aliyenuna bila kuondoka. Mgonjwa mwenzangu, tulia. Nawe unayekwenda kumtazama, usiende mdomo mtupu. Na aliye juu ya paa aombe ngazi.

Jioni ile Ojiambo alinisukuma hadi nikaingia kwenye lori, akafunga mlango, akakaa kwenye usukani. Hakuwasha injini. Alijigusa kifua, akasema, "Moja." Akanigusa bega, akasema, "Mbili."

Tulikuwa wawili tu. Ndipo akawasha.