Ukanda wa Umeme Shingoni mwa Mbwa Wetu

Baba alimpenda mbwa wetu bila kumgusa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu Handeni mbwa hakuwa wa kubembelezwa. Alilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, akalala nje, akala makombo, basi. Akiwa mkavu hana neno. Akiwa na umande au mate, aliyemshika alijitwisha kazi ya kunawa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yetu ya Kiislamu ilivyotufunza. Na maji mama aliyafuata mbali. "Maji yangu si ya kutolea najisi ya mbwa kila siku," alisema, na mama akishasema, limesemwa.

Ukanda wenyewe ulitoka Korogwe, kwenye shamba la mkonge ambako baba alikuwa dereva. Mashamba yalipotaifishwa, meneja wa kizungu alifungasha virago, akamwachia baba ukanda mnene wa ngozi wenye vyuma viwili vya kugusa shingo, pamoja na kisanduku chenye eriali. Ukibonyeza kitufe, mbwa anapigwa na umeme hata akiwa mbali. Meneja alimwelekeza vizuri, siwezi kumsingizia: ujaribu kwanza mkononi mwako, utumie nguvu ndogo, ubonyeze pale pale mbwa anapokosea, si baadaye, na kila jioni uuvue, uitazame shingo ya mbwa. Baba aliujaribu mkononi mbele yetu, akaruka, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Sindeni, nyumba zilipangwa mstari mmoja na mbuzi wa majirani wakawa wanapita mlangoni. Mbwa akawatimua. Balozi wa nyumba kumi akaja.

"Shikamoo mzee. Huyu mbwa ama awaache mbuzi wa watu, ama tumwondoe."

Baba akamfunga ukanda. Alimfundisha mambo mawili tu: kuwaacha mbuzi, na kuja akiitwa. Asipokuja, kitufe. Haukupita muda mrefu mbuzi wakawa wanamruka alipolala. Balozi alikuja kushuhudia mwenyewe, na baba akatembea kijijini kifua mbele kama bwana harusi.

Lakini msimu wa mahindi mbwa alirudi kila mara amelowa, na kuuvua ukanda ni kushika shingo yenye maji. "Kesho, akikauka," baba alisema. Kesho ikaja na mvua, kesho kutwa na umande. Ukanda ukabaki pale pale. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na desturi ya kumpapasa mbwa. Nikikumbuka hilo mpaka leo hasira inanipanda, na sijui nimkasirikie nani.

Kwanza aliacha kubweka. Nguruwe wakaingia shambani, baba akamwita mvivu. Kisha mama akasikia harufu.

"Baba yao, huyu mbwa anaoza akiwa hai."

Baba akatoka uani na kumwita. Mbwa alikuwa amelala kando ya ghala, miguu haimbebi. Akaja akiburuta tumbo, anatetemeka, macho yote kwenye mkono wa baba. Mkono ulikuwa mtupu. Kisanduku kilikuwa ndani, juu ya kabati. Baba akapiga magoti, akaufungua ukanda. Vyuma vilikuwa vimezama nyamani, na usaha ukamtiririka mpaka kwenye viwiko. Mama, bila kuombwa, akaleta mtungi mzima wa maji. Baba hakunawa. Alimwosha mbwa.

Mbwa alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakufuga mbwa tena. Nilipokuwa mtu mzima nilimwambia aache kujilaumu, kidonda angeweza kukipata mbwa yeyote. Akatikisa kichwa.

"Si kidonda kinachoniuma. Nilimwita nimsaidie, yeye akajua namwita nimchape umeme. Na bado alikuja."