Mama Watatu Waliosubiri Jumamosi

Siku ile chuoni Shinyanga tulikuwa wanne ofisini: mimi, mdogo wangu wa mwisho, mwalimu anayemsimamia, na bibi mmoja ninayeponda naye mawe ya dhahabu kule Runzewe. Bibi hakuitwa. Alisema aliyeandikwa ni yeye, kwa hiyo anakuja.

Mwalimu alimpa shikamoo, akafungua ripoti ya mdogo wangu kuhusu wanawake wa machimboni. Akasoma: "Mhojiwa alieleza kwamba uchimbaji endelevu unamwezesha kiuchumi na kijamii."

"Huyo mama ni nani?" bibi akauliza. "Maana kwetu hayupo."

"Ni wewe, bibi," mwalimu akajibu. "Na wanafunzi wengine wawili wamemhoji bibi huyohuyo, maneno yaleyale. Wote wameandikiwa na akili bandia ya kwenye simu."

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, mbona kila mtu anafanya hivyo."

Nilitamani kumzaba kofi. Wazazi walipofariki niliacha shule ili wadogo zangu wasiache. Na kwa ajili ya ripoti hiyohiyo niliwaomba bibi na wenzake wawili waweke nyundo chini Jumamosi moja, wamsubiri mdogo wangu huyu aje kuwahoji. Walioga, wakavaa vitenge vya kanisani, wakakaa hadi jioni. Ndipo akanitumia ujumbe: "Nimeshapata majibu, msihangaike." Kwetu pale, mtu akisimamisha kazi kwa ajili yako, unampondea siku nzima. Hawakudai. Walinitazama tu.

Mwalimu alimpa mdogo wangu nafasi moja: aende machimboni, aongee nao, aandike upya. Akirudia, chuo basi.

Alikuja, akatoa simu arekodi. Bibi akamsukumia nyundo.

"Ng'wanawane, mwanangu, anza na hii. Au simu yako inaponda?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliponda mawe ya bibi kutwa nzima, viganja vikatoka malengelenge. Jioni wote watatu wakamjibu, naye akaandika kwa mkono wake. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kipumbavu. Ya mwisho, afadhali.

Asubuhi akafunga begi. "Dada, wale wenzake bibi wawili utanipondea, si ndiyo? Nina ripoti."

"Nimekubebea mengi. Hilo hapana."

Akapanda gari, kanuna. Ripoti imepokelewa, chuo anaendelea. Mimi kila Jumamosi naulizwa na mama wawili anakuja lini, na mawe yao siyagusi.