Dominika wa Joshoni

Ukitoka Sumbawanga mjini ukaishika barabara ya Mpui, usiulize kituo cha kuhifadhi wanyama. Watu watakutazama tu. Uliza Joshoni, na yeyote atakunyooshea kidole: kule kwenye miti ya mikaratusi, penye zizi la mawe na nyumba ndogo ya bati. Hapo ndipo anapoishi Dominika, mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

Alifika hapo akiwa bibi harusi. Mume wake, Alois, aliajiriwa kwenye josho kuchanganya dawa ya kuua kupe, naye Dominika akapewa kazi ya lango. Siku ya kuogesha ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa sikukuu. Ng'ombe walitokea kwenye ukungu kundi kwa kundi, baridi ya Ufipa inauma masikio, wachungaji wamejifunika mablanketi hadi puani. Mnyama alijitosa kwenye lile birika refu la maji ya dawa, akazama, akaibuka upande wa pili akijikung'uta na kuwalowesha waliosimama karibu. Watu wakacheka. Wanawake waliuza togwa ya ulezi pembeni. Na kila ng'ombe wa kulima alikuwa na jina. Dominika aliwajua wote: Sultani, Bwana Shauri, Sikubali, Mali ya Baba. Mwenye ng'ombe alikuwa akiingia langoni, anajitaja yeye kisha anawataja ng'ombe wake, kama mtu anayetambulisha familia.

Halafu dawa ikaacha kuletwa. Watu wakanunua pampu zao za mkono, kila mmoja akawa ananyunyizia nyumbani kwake. Birika la josho likakauka, likapasuka, nyasi zikaota ndani. Alois akafariki. Hakuna aliyekuja kumwambia Dominika ahame, naye hakuhama.

Aliyelifufua lile zizi ni Isakwisa, afisa mifugo wa kata, mtu wa kutoka upande wa Mbeya. Siku moja alimkuta ng'ombe aliyegongwa na lori barabarani, mguu umevunjika, mwenyewe kamkimbia. Akamkokota mpaka Joshoni.

"Mama, nisaidie kumtunza huyu kwa siku chache tu," alisema.

"Siku chache za wapi? Mlete," alijibu Dominika.

Baada ya ng'ombe yule akaja punda mwenye jicho moja, kisha mbwa aliyemwagiwa maji ya moto, kisha wengine. Serikali ya kijiji ikaandika kibali watumie eneo lile. Asifiwe, binti wa mwenye duka la pembejeo mjini, ambaye alimaliza masomo ya mifugo na hajapata kazi, akajiunga nao. Kupokea simu za taarifa kukawa kazi yake.

Na simu zilipigwa. Kuna aliyeshuhudia mbwa kafungwa waya shingoni, kuna aliyesikia punda anapigwa kwa nondo. Asifiwe aliuliza ni wapi, ni mnyama gani, na kama bado anaumizwa wakati ule. Jina la mpigaji hakulidai, kwa sababu majirani huogopana. Kisha Dominika ndiye aliyetangulia. Alifika kama mgeni, akapiga magoti na makofi ya salamu kama alivyofundishwa na mama yake, akaomba maji ya kunywa, akaongea habari za mavuno. Alimwona mnyama tangu anaingia, lakini hakumtaja mpaka mwenye nyumba amtaje mwenyewe. Mara nyingi yaliisha hapo hapo: nira ikabadilishwa, kamba ikalegezwa. Yasipoisha, Isakwisa alifuata na dawa zake na sheria ya ustawi wa wanyama. Asiyesikia hata hapo alipelekwa kwa mtendaji wa kijiji, na wachache sana polisi.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kikali na tanuru za matofali zikifuka moshi kila upande, ikaja simu kutoka kitongoji kimoja karibu na Mpui. Ng'ombe wa mkokoteni ana kidonda cha shingo, kinanuka, na bado anavutishwa matofali. Mwenye ng'ombe ni mzee Adriano.

Aliposikia jina, Dominika alimwomba Asifiwe alirudie.

"Unamfahamu, bibi?" aliuliza Asifiwe.

"Tumelima pamoja," alisema.

Yalimjia yote. Enzi za usichana wake, shamba halikulimwa na mtu mmoja. Ulipika pombe ya ulezi, ukawaita watu, wakaja na majembe kabla jua halijachomoza, wakafukia nyasi kwenye vile vilima vya udongo vya mviringo ambavyo Wafipa huviita ntumba. Vijana wa kiume walishindana na wasichana, na Adriano ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Baadaye, familia zilipopata plau, ng'ombe wa baba yake Adriano ndio waliokuwa wakiazimwa kijiji kizima. Hawakupigwa. Adriano aliwasemesha tu, tena kwa upole, kwa Kifipa, na wao wakageuka mwisho wa mstari kama askari.

Siku hiyo walikwenda wote watatu, maana simu ilisema hali ni mbaya. Walimkuta Adriano amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Uani alisimama ng'ombe mwekundu, kichwa chini, inzi wamemjaa begani. Hata Dominika, aliyeona mengi, alibana pumzi.

"Karibu, Mama Lucia," alisema Adriano. Alimwita kwa jina la bintiye wa kwanza, kama watu wazima wanavyoitana. "Umekuja na wageni."

"Nimekuja nao, Kaka Adriano. Habari za siku nyingi?"

"Ndio hizi unazoziona."

Akaomba maji, akaletewa. Wakazungumza ulezi, wakazungumza upepo. Mwishowe mzee mwenyewe akaelekeza kidevu uani.

"Yule ni Bwana Shauri. Nimempa jina la babu yake, yule wa Alhamisi zako. Mwenzake alikufa kwenye tanuru. Mimi siwezi kutembea, nimewakodisha kwa mchoma matofali. Akamfunga huyu na dume refu la watu, nira ikakaa upande. Wanarudi jioni wakiwa wameshafunguliwa, mimi niko hapa hapa mlangoni. Harufu ndiyo iliyonijulisha."

"Na ulipojua?" aliuliza Isakwisa.

Adriano alitazama miguu yake. "Nilipojua, nilikuwa nimeshakula ile hela, baba."

Isakwisa hakumgombeza. Alikisafisha kidonda, akachoma sindano, akamweleza Adriano kwamba ng'ombe huyu hawezi kufungwa nira tena, pengine maisha yake yote. Walikubaliana aende Joshoni mpaka apone. Yule mchoma matofali Isakwisa alimfuata mwenyewe tanuruni pamoja na mtendaji wa kijiji, akaandikiwa faini na kukatazwa kukodi mnyama bila kukaguliwa. Dominika alirudi nyumbani moyo mzito, lakini akijiambia kwamba kazi imekwenda vizuri.

Kumbe haikwenda vizuri. Asifiwe alikuwa amepiga picha. Ndani yake kidonda kilionekana wazi, na nyuma ya ng'ombe, kwenye kigoda, uso wa Adriano. Akaituma kwenye makundi ya simu akiandika kwamba huu ndio ukatili wa wazee wetu, na Joshoni inaomba msaada wa chakula na dawa. Picha ikasambaa kuliko moto wa nyika. Michango ikaingia kutoka Mbeya, kutoka Dar es Salaam, hata kwa watu walioko nje ya nchi. Dawa zikanunuliwa, pumba za miezi zikajaa stoo. Asifiwe alifurahi mpaka akamkumbatia punda.

Dominika, ambaye simu yake ilikuwa ya kubonyeza, hakuona chochote. Alijua siku Adriano alipoletwa na bodaboda, akashushwa langoni kama gunia, akakataa kuingia.

"Nimekosa, Dominika," alisema, safari hii bila Mama Lucia. "Nilikupa maji, nikakueleza yaliyo moyoni. Wewe ukanipeleka duniani kote. Sasa hivi siendi kanisani. Watoto wakipita mlangoni wananiita Mzee Nira. Mwanangu Victor amenipigia kutoka Dar kuniuliza kama ni kweli. Baba yangu alikuwa akiwafunika ng'ombe wake gunia wakati wa baridi. Wewe ulimwona. Kwa nini hukuwaambia na hilo?"

Dominika hakuelewa. Asifiwe, aliyekuwa akichota maji, aliweka ndoo chini. Alimletea simu, akamwonyesha. Dominika aliitazama picha ile muda mrefu. Aliona kidonda, na hakuna uongo ndani yake. Aliona pia uso wa mtu aliyeimba mbele ya majembe mia.

"Iondoe," alisema.

"Bibi, tukiiondoa watu wataacha kuchangia. Bado tuko katikati ya kiangazi. Wale punda watakula nini?"

"Sijui watakula nini. Iondoe."

Isakwisa naye alisita. Alisema kweli yote: kwamba picha imefanya watu wengi waangalie shingo za ng'ombe wao, kwamba simu za taarifa zimeongezeka, kwamba huruma ya mtu wa mbali haiji bila kuona. Dominika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, unayosema ni kweli," alisema. "Lakini mimi ndiye ninayeingia kwenye nyumba za watu. Nikishaingia kama mgeni nikatoka kama mpelelezi, kesho nani atanifungulia? Na ng'ombe aliyefungiwa ndani nitamwonaje?"

Picha ikaondolewa. Asifiwe akaandika mahali pake kwamba mzee yule hakuwa katili, alikuwa mgonjwa, na kwamba kituo kimekosa kwa kuuonyesha uso wake. Wengine walimsifu, wengine walitukana, wengi walinyamaza tu. Michango ikapungua, ikawa matone. Binti alilia, na Dominika hakumkataza. Alimpikia uji wa ulezi, akakaa naye jikoni mpaka akamaliza.

Pumba zilipokaribia kwisha, Dominika alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Alois yuko hai. Alilowesha ulezi, akauotesha, akapika togwa mapipa mawili, maana pombe alijua padri hataipenda. Kisha akazunguka jumuiya kwa jumuiya, akaita watu kazini kama zamani. Hakuomba hela. Aliomba mabua ya mahindi yaliyobaki mashambani, ambayo kila mwaka watu huyachoma moto bure, na mikono ya kuyabeba.

Asubuhi ya siku yenyewe alisimama langoni, blanketi mabegani, hana uhakika. Upepo ulivuma barabarani, na barabara ilikuwa tupu. Asifiwe alisema labda watu wamesahau siku hizi namna ya kuitana.

"Ngoja," alisema Dominika.

Wakaanza kusikia magurudumu. Mkokoteni wa kwanza, wa pili, kisha wanawake wenye mizigo ya mabua kichwani, mirefu mpaka inaburuzika chini. Mzee mmoja alileta viazi vilivyochubuka, mwingine akaja mikono mitupu akachukua jembe kusafisha zizi. Dominika alijikuta akifungua lango na kulifunga, akiuliza kila anayepita: "Huyu anaitwa nani?" Na watu, wakicheka, wakawataja ng'ombe wao. Wengi hawakuwa na majina. Wakawapa pale pale.

Adriano alikuja katikati ya asubuhi, juu ya mkokoteni wa jirani, magunia makuukuu na sufi ya zamani yamemzunguka. Asifiwe alimfuata, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, babu. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Watu waliokuwa karibu wakajifanya hawaoni.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Uliniudhi sana, mwanangu. Sana. Haya, nishushe, tushone."

Akatandika magunia chini, akamfundisha binti kushona mito ya kuwekwa chini ya nira, sufi ikitandazwa ndani vizuri isijikusanye upande mmoja. Hadi jioni walikuwa wameshona ya kutosha kila mkokoteni kuondoka na jozi yake. Mtu fulani alianzisha wimbo wa kulimia. Adriano aliusikiliza, akatikisa kichwa kwamba wameupandisha mno, akaushusha mwenyewe mahali pake. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini wimbo ulikuwa uleule. Dominika aligeukia ukutani akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

Mabua yale hayakufika mvua za kwanza. Ilibidi kuazima majani kwa masista wa misheni ya jirani, na punda mmoja alikufa mwezi wa kumi na moja, mzee na dhaifu. Lakini kituo hakikufungwa, na kila kiangazi sasa watu huitwa. Siku hizi Asifiwe hupiga picha za vidonda tu, bila sura ya mtu wala nyumba yake, na husubiri ruhusa ya mwenye mnyama.

Bwana Shauri alipona, akabaki na kovu jeupe na shingo iliyopinda kidogo. Adriano alimwachia Joshoni. Miguu yake ikimruhusu, huja Jumapili baada ya misa, akaletewa kigoda na kikombe cha togwa, wakaanza ubishi na Dominika: ni ng'ombe yupi aliyemrukia mwenyekiti kwenye josho mwaka ule, Sikubali au Mali ya Baba. Yeye husema Sikubali. Dominika husema yeye ndiye aliyekuwepo langoni, na hakuwa Sikubali.