Siku Zuberi Aliponyamazisha Vinu

Zuberi alikuwa fundi cherehani mjini Kasongo, na hakuna aliyemtuma kuwa fundi wa sauti. Alijitia mwenyewe mwaka wa hamsini na saba, aliponunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anahama kinasa sauti cha kukaza kwa ufunguo, pamoja na kipaza sauti chake na utepe mmoja tu. Tangu hapo mgeni wake hakunywa chai kwa amani. Ukisema, kuku akilia, unaambiwa rudia.

Kaka yake Bulaimu alirudi kutoka migodi ya Salamabila na mapafu yaliyojaa vumbi. Daktari alimwambia mkewe, mama Musafiri, kwamba dawa hakuna, akafie nyumbani. Bulaimu mwenyewe alifichwa habari hiyo. Yeye mawazo yake yalikuwa kwa Musafiri, mwanawe, aliyekuwa karibu kuoa huko Elisabethville na bwana wake wa kazi amemnyima ruhusa ya kusafiri. Baba akataka kumpelekea radhi kwa mashine.

Siku ya kwanza aliisema yote, toka jina la babu hadi amina, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Zuberi akasikiliza utepe, akakunja uso. Ilikuwa saa ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, na michi ya majirani ilikuwa imepanda juu ya sauti.

"Kaka, haikutoka muzuri. Kesho utasema tena."

"Nguvu iko kidogo, Zuberi. Acha iende hivi."

Zuberi hakukubali. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani amwambie mtu mwenye mashine ya pekee mjini?

Kesho yake alitundika mablanketi ukutani, akafukuza kuku, akaweka kipaza sauti juu ya nguo iliyokunjwa, kando ya mdomo ili pumzi isikipige. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake wasitwange kwanza. Wakamheshimu, maana ndiye aliyewashonea. Akafuta maneno yote ya jana, akarudisha utepe mwanzo, akawasha.

"Musafiri, mwanangu," Bulaimu akaanza. Kisha akanyamaza, akatega sikio.

Mtaani kwao michi hunyamaza saa ile kwa jambo moja tu: maiti ambayo haijazikwa. Zuberi alizaliwa pale na alijua. Siku hiyo masikio yake yalikuwa ya mashine.

"Nani alikufa?" Bulaimu akauliza.

Jibu lilikuwa jepesi, kwamba hakufa mtu, na Zuberi alikuwa nalo mdomoni. Lakini mama Musafiri, aliyebeba siri ile miezi mizima, aliangua kilio. Bulaimu akamtazama, akatazama yale mablanketi.

"Basi ni mimi," akasema, akageukia ukuta. Radhi hakuisema tena. Kabla ya Ijumaa michi ilinyamaza mara ya pili.

Ruhusa ya Musafiri ilipatikana, akafika Kasongo baba akiwa ameshazikwa. Zuberi akamwashia utepe. Sauti ilikuwa safi, hata mate yakimezwa unasikia. Musafiri, mwanangu. Kimya. Nani alikufa? Halafu kilio cha mama. Basi ni mimi.

"Baba mudogo, mama anasema siku ya kwanza baba alisema yote. Ile iko wapi?"

"Ilikuwa makelele ya vinu tu. Niliifuta."

"Mi nililelewa mu makelele ya ile vinu," Musafiri akasema. "Ningemusikia."

Zuberi akazima mashine. Nje, kwa jirani, walikuwa wanatwanga sombe.