Nilifundisha Nikitazama Ukuta

Tulipohamishiwa kijijini, nyumba zilipangwa kwa mistari, na waliozipanga hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Ndivyo nilivyojikuta mimi na mama mkwe wangu tumetenganishwa na ua wa mabua tu. Kwetu Mara, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka. Sasa vichaka vyote vilikuwa vimefyekwa ili kijiji kipendeze. Kila asubuhi nilichungulia kwanza kabla ya kutoka, kama mwizi wa kuku, na yeye kwake akichungulia vilevile. Siku nyingine tulichungulia kwa pamoja, tukarudi ndani wote wawili, nami nikachelewa kufungua cherehani.

Ushonaji nilijifunza Musoma mjini, kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa na duka karibu na soko, na huyo ndiye aliyenifundisha na yoga. Kila alfajiri alitandika turubai sakafuni, akakaa, akavuta pumzi, akajikunja na kujikunjua mpaka nikamwonea huruma. Baadaye nikamwonea wivu, maana yeye mzee hakuwahi kulalamikia mgongo, na mimi kijana cherehani ilikuwa imeshanipinda. Nikaanza kukaa naye. Alikuwa mkali. Alikuzunguka akikutazama, akikurekebisha bega kwa ncha ya rula yake ya mbao. “Mgongo wako umekaa kama kola isiyopigwa pasi,” aliniambia. Kwake yeye, mwalimu wa yoga alifundisha kwa macho, na asiyemtazama mwanafunzi alikuwa mpiga porojo tu. Nilimwamini kabisa.

Kwa hiyo nilipoanza kufundisha kijijini, nilimwiga mpaka mwendo. Kina mama waliokuja kwenye kisomo cha watu wazima walikuwa wakilalamika migongo, kwa sababu pamba haipaliliwi umesimama wima. Mwenyekiti wa kijiji akanikubalia nibaki nao kidogo kila jioni baada ya kusoma, katika darasa lilelile la shule. Nilizunguka na rula yangu, nikakunja uso, nikawaambia migongo yao ni kola. Walinicheka, lakini walikuja. Nje maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema ni sala ya Kihindi, na wapo waliosema ni uvivu uliotafutiwa jina. Siku hizo nilijali sana maneno ya watu. Mtu akicheka dirishani, mimi chakula hakipiti.

Jioni moja mke wangu akasema, “Mama anataka kuja.”

“Kuja wapi?”

“Kwenye hiyo yoga yako. Mgongo umemkataa. Anapaliliaga mstari mmoja, anakaa chini. Kwenye shamba la kijiji wameshaanza kumwita kupe.”

Kuitwa kupe miaka ile halikuwa jambo dogo. Kupe alikuwa mnyonyaji, adui wa wote wanaotoa jasho. Mama yule alikuwa amelima tangu utoto wake. Iliniuma. Lakini nitamtazamaje mama mkwe amelala chali? Wazee wangeitisha kikao, mbuzi wangu angechinjwa kuondoa aibu, na hata baada ya mbuzi kuliwa aibu ingebaki.

“Haiwezekani,” nikasema.

“Basi usimtazame,” akajibu, akiendelea kuchambua dagaa.

“Nifundishe watu nisiowaona?”

“Redioni wanatufundishaga kulima pamba. Wanatuonaga?”

Dagaa walipoiva nikamwambia, mama na aje.

Siku iliyofuata niliingia darasani mapema, nikasimama mbele nikiwa nimeelekea ubaoni, nikawapa watu wote mgongo. Kina mama wakaingia wakinong'ona. Kisha wakanyamaza ghafla, na mkeka mmoja ukatandikwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikajua amefika.

Mwanzoni nilipotea. Sikuwa na macho, na rula haikuwa na kazi. Nilifungua kinywa kusema “Angalieni hivi,” nikakumbuka kwamba wangeangalia kisogo changu. Ikabidi nieleze kila kitu kwa maneno: uzito uende wapi, pumzi ianzie wapi, bega lishuke namna gani. Na ili nieleze, ilibidi kwanza nikisikie kitu hicho ndani ya mwili wangu mwenyewe, jambo ambalo kwa kuiga-iga kwangu nilikuwa nimelisahau. Polepole masikio yakafunguka. Nikatambua nani anabana pumzi na nani anachungulia jirani yake. Kulikuwa na goti moja kule nyuma lililolia kila likikunjwa, na kwa heshima niliamua kwamba goti hilo halina mwenyewe.

Walipenda. Bila kutazamwa, waliacha kuona haya. Mmoja alimwambia mke wangu kwamba tangu aolewe hajawahi kuambiwa alale chini apumzike bila kuulizwa ugali uko wapi.

Kijiji nacho kikapata la kusema. Nikaitwa mwalimu wa ukuta. Kilabuni wanaume walisimama kwa zamu kuutazama ukuta na kuuamrisha uvute pumzi. Nilivumilia. Kilichonivunja nguvu kilitoka Musoma. Nilikwenda kununua nyuzi, nikamsimulia fundi wangu kwa furaha namna ninavyofundisha. Akaweka mkasi chini.

“Hiyo si yoga,” akasema. “Hiyo redio.”

Nilimpenda mzee yule, na neno lake lilikuwa zito kwangu kuliko vicheko vya kijiji kizima. Nilirudi kijijini kwetu Bunda nimenuna, nikaingia darasani nimeshaamua kuliacha jambo lenyewe. Halafu, katikati ya somo, nikasikia pumzi ya kule nyuma. Wiki zote ilikuwa ikishuka nusu na kukwama. Jioni ile ilishuka mpaka mwisho, ikapanda bila kukwama. Nilifurahi kupita kiasi, nusura nigeuke nimpongeze. Sikuacha tena. Fundi wangu alikuwa mwalimu mzuri, lakini yeye hakuwa na mkwe darasani.

Ndipo akaja afisa wa elimu ya watu wazima, mgeni katika mkoa wetu, kukagua kisomo. Aliingia wakati nimewasimamisha kina mama kwa mguu mmoja, mikono juu.

“Ndugu mwalimu,” akasema, “unamfundisha nani, ubao?”

“Wanafunzi, Ndugu Afisa.”

“Basi geuka uwatazame.”

“Haiwezekani. Nina mkwe humu.”

Akaanza kunieleza habari za mila zinazokwamisha maendeleo. Alisema kwa kirefu, kwa Kiswahili kizuri, nami nikamsikiliza nikitazama chaki iliyofutwa vibaya. Mwisho akasema wazi: nikigeuka, darasa linaendelea, nisipogeuka, chumba hiki sitakitumia tena.

Zamani ningegeuka kabla hajafika nusu ya sentensi. Na nilikuwa na kisingizio kizuri, serikali imeniamuru. Lakini nilijua nikigeuka mama yule atachukua mkeka wake, atatoka kwa mlango ule, na hatarudi. Atakwenda kukaa chini kwenye mstari wake wa pamba aitwe kupe.

“Kifunge chumba, Ndugu,” nikasema. “Lakini niache nimalize.”

Alikifunga kweli. Tukahamia kwenye ghala la pamba, na huko nilifundisha miaka mingi nikitazama ukuta mwingine. Lakini jioni ile, baada ya kusema vile, sikugeuka. Nilisubiri kusikia mikeka ikikunjwa. Badala yake ikasikika sauti kutoka karibu na mlango. Mama mkwe wangu hakusema na mimi, hilo hangeweza. Alisema na mwanamke wa pembeni yake, kwa sauti ya kutosha kufika ubaoni.

“Mwambie mwalimu mguu huu umesimama vya kutosha. Atupe wa pili.”

Nikawaambia wabadilishe mguu.