Mzee Fabiani Aliyepakia Mabomu

Baba mkwe wangu, mzee Fabiani, alikuwa mfyekaji wa kiwanja cha ndege hapa Mpanda. Watu wa mtaa wetu wa Shanwe walimwita Rubani kwa utani, ingawa hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Wakati wa vita vikuu vya pili, Waingereza walimpeleka Misri kwenye kikosi cha ndege za mabomu. Yeye na Waafrika wenzake walikokota mabomu mchangani, wakayapandisha tumboni mwa ndege. Wazungu wakisharuka, jikoni hakuna aliyepakua chakula mpaka ndege zirudi.

"Siku moja ziliondoka kumi na mbili," aliniambia nikimtilia uji. "Zikarudi tisa. Maharage yalilala sufuriani."

Mwaka 1975 surua iliwashika watoto wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia kwao. Chanjo ikaletwa kwa ndege ndogo. Wanawake walipoiona tu, wakabeba watoto wakaingia porini, maana mwaka ule waliokimbia, huko kwao, ndege ziliwapiga risasi. Wauguzi walingoja mpaka mchana, wakarudi na dawa yao. Wiki ile walizikwa watoto wanne.

Baba aliposikia ndege itakuja tena, akaniambia, "Mama Kalisti, twende wote, na mtoto. Nikienda peke yangu wataniogopa na mimi."

Tulipanda lori la mahindi mpaka Katumba. Ndege ilipotua, muuguzi akashuka na sanduku la dawa, lakini hapakuwa na mtu, ila vitenge nilivyoviona vya wanawake waliojificha katika shamba la mahindi. Baba akavua koti, akalala chali chini ya ndege, akagonga bati kwa vidole.

"Nyie mama zangu, nimekuja na mkwe wangu na mjukuu wangu. Mimi nilipakia mabomu miaka mitatu. Ndege ya mabomu ina mlango hapa tumboni. Hii haina. Njooni mguse."

Halafu akatoka mwanamke mmoja, Verdiana, na binti yake Cecilia mgongoni.

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unawapa mabomu," alisema.

"Waliowapiga nyie siwajui, mama. Wale wa Misri, ndiyo, niliwapa."

"Na watu waliokuwa chini, uliwaona?"

"Sikuwaona. Nilikuwa nasubiri chakula."

Nikajua ameharibu. Angeweza kusema uongo kidogo tu. Lakini Verdiana alimtazama, akachuchumaa, akapitisha kiganja tumboni mwa ndege toka mbele hadi nyuma, kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu.

"Na lile sanduku?"

Muuguzi akalifungua. Verdiana akainusa dawa.

"Haya inuka, mzee. Shati hilo atalifua mkweo, siyo wewe."

Mahindi yakacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Aanze wa kwako."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kalisti wangu alikuwa na miezi kumi, na bado hakuwa amechanjwa. Nilimpakata, nikamshika mkono. Sindano ikaingia, akalia kwa sauti yake yote. Verdiana alikisikiliza kile kilio mpaka mtoto akatulia, akashika ziwa, akanyonya.

Ndipo akafungua mbeleko, akamweka Cecilia mapajani, akamnyooshea muuguzi mkono wa binti yake. Nyuma yake mahindi yakatikisika, akatoka mmoja, wakatoka watatu. Baba alikuwa bado amelala palepale chini ya ndege, akiwagongea bati.