Kadi Nne za Kamwokya

Adoch na wenzake watatu, Salme, Rumaisa na Jannat, wanauza miili yao hapa Kampala, na wanaishi chumba kimoja Kamwokya. Kwenda kliniki ni kwa zamu. Kila baada ya miezi mitatu mmoja hubeba kadi zote nne na kurudi na dawa za virusi vya UKIMWI za wote, ili wengine wapate kulala.

Leo zamu ilikuwa ya Adoch, naye alikuwa hajaamka sawasawa. Tangu utotoni Luzira, kando ya ziwa, baba yake alikokuwa askari jela, huota ziwa limeingia chumbani na vitanda vinaelea taratibu. Hata kwenye benchi la kliniki aliona sakafu ikimeremeta kama maji.

Sista akasoma majibu ya damu waliyokuja kutoa wote mwezi uliopita. Wote wanne, virusi havionekani.

“Mnajitunza,” akasema. Kisha akatoa karatasi mpya, yenye maswali ambayo kwa miaka sita hakuna aliyejisumbua kuwauliza.

“Salme analala?”

“Anashtuka, sista. Anakaa kutazama mlango.”

“Rumaisa anakula?”

“Siku nyingine hagusi kitu.”

“Jannat?”

“Anaoga mpaka ngozi inamuuma.”

Adoch alijibu polepole, kama anayewaita kutoka ng'ambo ya ziwa. Ikabaki kadi yake.

“Na wewe, mwanangu?”

Aliyatazama yale maji ya sakafuni.

“Mimi naota vizuri,” akasema. “Lakini muulize Salme, ndiye huniamsha. Anasema huwa nalia kwamba nazama.”